Maziwa ya Kukopa

Kikombe hakikujaa. Wachuka alikamua chuchu ya kushoto, akahamia ya kulia, akarudi ya kushoto, na kiganja chake kikakuta kiwele kigumu kama viazi ndani ya gunia. Mbuzi akarusha mguu. Maziwa machache yaliyokuwa yameingia yakamwagika nusu yake juu ya gambuti lake.

"Baba Wamae! Kuja uone maajabu."

Kingori, mumewe, alitoka na mswaki mdomoni. Akachungulia kikombe.

"Hiyo ndiyo ya asubuhi?"

"Ndiyo hiyo. Na ya jana jioni ilikuwa hivyo hivyo."

"Na kule Nanyuki ulisema ulikamua ngapi?"

"Lita mbili na nusu. Kwa hii mikono yangu."

Kingori akatema povu kando ya zizi. "Basi walikuuzia maonyesho."

Neno hilo lilimwingia Wachuka vibaya, kwa sababu mbuzi hakuwa wake peke yake. Alikuwa wa kikundi cha Mwihoko, wamama kumi na wawili wa huko juu ya kiwanda cha kahawa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Othaya. Wangui, katibu wao, ndiye alikuwa ametafuta muuzaji kwenye simu akapata hao watu wa Nanyuki, Barwako Mbuzi wa Maziwa. Akawasomea wenzake: nyota nne na nukta sita, watu mia moja thelathini na mmoja wameandika. Mama Mwai, mwenyekiti, akasema nyota ni za mbinguni, wao ni watu wa hapa chini. Atangulie mmoja, akae na mbuzi mmoja, kisha alete habari. Akileta nzuri, watanunua kumi na mmoja waliobaki, kila mama na wake. Kura ikamwangukia Wachuka kwa sababu kwake kulikuwa na zizi la mbao lililoinuliwa kutoka chini.

Miaka minne alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kikundi kumtuma.

Kwa hiyo alimtunza mbuzi yule kama mgeni wa kuchinjiwa kuku. Alimpa jina Nanyuki. Alimkatia nyasi changa za nepia, akamletea maji ya uvuguvugu, na Kingori alipopogoa miti yao mitatu ya avokado, Wachuka alikusanya yale matawi mabichi yenye majani laini, akamjazia kihori. Mbuzi alikula hata akafunga macho. Siku tano mfululizo alimpa hivyo.

Sasa alikuwa amesimama na kikombe mkononi, na Mama Mwai alikuwa anangoja habari.

*

Alichukua simu, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akabonyeza kile kidude cha kurekodi sauti.

"Mama Mwai na wamama wote wa Mwihoko, hamjambo. Ni mimi Mama Wamae. Ile mbuzi mlinituma niangalie, nimeangalia. Wacha niwaambie, ile mbuzi ilikuwa na maziwa ya kukopa! Ilikopa kwa jirani siku ile nilienda, sasa mwenyewe amekuja kuchukua yake." Hapo alicheka, na kicheko chake kikamtia moyo. "Kiwele imebaki kama mfuko ya mtu ametoka Nairobi bila kazi. Hawa watu wanajua kupanga mbuzi, wamama. Wanaiacha siku mbili bila kukamua, wewe ukifika inakumwagikia, unasema ni Kanaani. Mimi si wa kuambiwa. Mimi nimeona."

Hilo la kuacha mbuzi siku mbili hakuwa ameliona. Lilikuja tu mdomoni, likatoshea mahali pake, akaliacha likae.

Kabla uji haujachemka, wamama saba walikuwa wamejibu kwa vile vikatuni vya kucheka machozi. Mama Mwai alituma sauti yake: "Mama Wamae, kwani ulikuwa umeficha hii mdomo wapi?" Wachuka aliirudia mara tatu. Mara ya tatu alimsikilizisha Kingori.

Siku ya soko Othaya, muuza vitunguu alimwangalia, akashika kiuno. "Si ni wewe wa maziwa ya kukopa? Dada yangu wa Chaka amenitumia." Akamwongezea kitunguu kimoja bure. Mtu wa Karatina naye alikuwa nayo. Mtu wa Sagana aliipata kwa kikundi cha kanisa ikiwa imeandikwa juu kwamba imetumwa mara nyingi. Wachuka alirudi nyumbani na kitunguu chake cha bure, na njiani alijikuta akitabasamu peke yake kama msichana.

*

Alhamisi ilikuwa zamu yake kukaribisha kikundi. Wamama walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba, chupa ya chai katikati, pikapu nyeupe ilipopanda kilima ikasimama kwenye ua. Alishuka mwanamke wa kama miaka arobaini, mtandio mrefu wa kijivu, viatu vya kazi vyenye matope makavu. Alikuwa ameendesha mwenyewe.

"Hamjambo kina mama."

Waliojibu hawakufika nusu.

"Mimi ni Sadia wa Barwako. Sauti imenifikia. Nimekuja kuona mbuzi."

"Mbuzi haijapotea," Mama Mwai alisema. "Ni maziwa ndio imepotea."

Nyasi zote zikacheka. Wangui, ambaye ndiye mdogo kuliko wote na alikuwa ameolewa pale juzi juzi, aliinua simu yake.

"Lakini wamama, tusikimbie. Hapa kuna watu mia moja thelathini na mmoja. Huyu wa Naro Moru ameandika amenunua mara tatu. Huyu ni mwalimu, anasema yake ilikuwa mgonjwa wakambadilishia bila maneno."

"Wewe Wangui, huyo wa Naro Moru unamjua?"

"Hapana."

"Amewahi kukukopesha chumvi?"

"Mama Mwai, jameni. Hapana."

"Mama Wamae amenikopesha chumvi. Kwisha maneno."

"Na hizo nyota," akadakia mwingine, "hata mimi naweza kujiwekea. Niko na watoto sita, kila mmoja na simu."

"Lakini mtu mmoja anaweza kukosea," Wangui alisema, sauti ikimpungua. "Watu mia wote wakosee?"

"Mtu mmoja, na mbuzi iko pale, na kiwele iko pale. Enda ushike."

Wangui hakwenda kushika. Sadia ndiye aliyekwenda. Alichutama zizini, akaweka kiganja chini ya kiwele, akakaa hivyo kwa muda kama mtu anayemsikiliza mtoto kifuani.

"Anakula nini?"

"Anakula kuliko mimi!" Wachuka alisema kwa sauti ya kusikika hadi mbele. Wamama walikuwa wamesogea, na alijua wanangoja neno. "Muulizeni kama ameniona nikimnyima. Nepia, majani ya viazi vitamu, haya ya avokado. Hii mbuzi inakula kama bibi harusi."

Sadia alichukua jani moja kutoka kihorini. Akalipinda, akalinusa. Akatazama miti mitatu iliyopogolewa nyuma ya zizi, kisha akawatazama wamama, mmoja baada ya mwingine. Akafungua mdomo.

"Ile karatasi kijana wangu Najib alikusomea..."

"Kwani sasa ni karatasi inakamuliwa?"

Hata Wachuka hakujua kama ni yeye aliyesema au ni mwingine. Kicheko kilichofuata kilimwaga chai ya mtu. Sadia alifunga mdomo.

"Sawa," alisema. "Pesa yenu nitarudisha yote."

Alituma pale pale kwa simu. Ya Mama Mwai ikalia. Mama Mwai akavaa miwani, akasoma elfu ishirini na mbili, akatikisa kichwa taratibu kuwaambia wengine kwamba imeingia. Wachuka akamimina chai. Alikuwa ameosha vikombe kumi na vitatu, kimoja cha akiba. Alimpitia kila mama, na alipofika pale Sadia aliposimama na kamba ya mbuzi mkononi, alimzunguka akaenda kwa Mama Mwai kumwongezea. Chai ilikuwa bado imo kwenye chupa. Kikombe cha kumi na tatu kilibaki kimefunikwa kwenye sinia, na kila mtu alikiona, Sadia pia.

Sadia alipompakia mbuzi aliomba kitu kimoja tu. "Hili tawi nichukue?"

"Mpee," Mama Mwai alisema. "Asiende mikono mitupu."

Pikapu iliposhuka kilima Mama Mwai alikunja miwani. "Mmeona? Angekuwa hana makosa, angerudisha pesa?"

Wote wakakubali kwamba hapo palikuwa na ukweli.

*

Kahiga, daktari wa mifugo, alikuja Jumatatu kuchanja ng'ombe. Alikuwa mtu wa kuongea akifanya kazi.

"Kumbe ni hapa kwa Mama Wamae! Mke wangu alinitumia ile sauti. Tulicheka hadi chakula ikapoa." Akavuta sindano, akaipima juu ya mwanga. "Ng'ombe yako shika pembe. Hivyo. Na sasa mbuzi zenu mtatoa wapi?"

"Kuna mtu wa Sagana. Bei yake iko chini."

"Huyo ana nyota ngapi?"

"Hana. Lakini mjomba wa Mama Mwai alinunua kwake jogoo."

Kahiga alicheka. Alipokwenda kunawa mikono alipita kando ya zizi tupu, akasimama. Lile rundo la matawi lilikuwa bado kihorini, limeanza kukauka.

"Hii mlikuwa mnapatia nani?"

"Ile mbuzi."

"Siku ngapi?"

"Kama tano."

"Na maziwa ikakatika siku ya sita." Hakuwa anauliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Kiwele ikawa ngumu, moto moto."

"Ulijuaje?"

"Mama Wamae, majani ya avokado ndiyo hufanya hivyo. Mbuzi ya maziwa akila, kiwele inavimba, maziwa inakatika. Hakuna mtu alikwambia?"

Wachuka akatazama kihori. "Lakini mbuzi za cucu, nyanya yangu, zilikuwa zinakula. Mimi nimezaliwa na mbuzi, daktari. Zilikuwa zinakula kila siku."

"Zilikuwa za kukamuliwa?"

"Za kuchinjwa."

"Basi nani angejua?"

Alikausha mikono kwenye suruali, akachukua pesa yake. Mlangoni aligeuka kama aliyetaka kusema jambo kuhusu ile sauti, kisha akaonekana kuliacha. Alisema tu ng'ombe asinyeshewe leo.

Karatasi Wachuka alijua iko wapi. Ilikuwa imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Aliinua meza kwa bega, akaitoa. Ilikuwa ya Kiswahili. Siku ile Nanyuki, Najib, yule kijana wa ofisi, alimsomea yote akiwa amesimama kwenye jua, na yeye alikuwa akisema eeh, eeh, huku akifunga kamba. Mwishoni alimpiga begani. "Kijana, mimi nimezaliwa na mbuzi." Wakacheka wote wawili.

Namba ya nne: *Usimpe majani ya avokado. Yatakausha maziwa.*

Kulikuwa na duara la chini ya mguu wa meza, limepita katikati ya maneno hayo.

*

"Nyamaza," Kingori alisema.

Walikuwa jikoni. Wachuka alikuwa amemsomea mara mbili.

"Pesa imerudi kwa kikundi. Mbuzi imerudi kwa mwenyewe. Nani amelia?"

"Ile sauti haijarudi."

"Sauti ni upepo."

"Imefika Sagana, Baba Wamae. Imefika Karatina. Na nilisema ati wanaacha mbuzi siku mbili. Nani aliniambia hiyo?"

Kingori alikuna ndevu. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyepogoa miti, na tangu aliposikia namba ya nne alikuwa hajatazama upande wa miti. "Ukisimama useme ni wewe, watasema nini? Watasema ulipewa kitu moja tu ya kikundi, mbuzi moja tu, ukaiharibu kwa mkono wako. Na mimi nitapita pale kiwanda na waniambie nini? Wewe wacha. Baada ya mwezi watakuwa na hadithi ingine."

Alhamisi kikundi kilikutana kwa Mama Mwai. Wachuka alikwenda na karatasi ndani ya kifuko cha leso. Njiani aliyapanga maneno, akayapanga tena. Alipofika walimwita mbele. "Mama Wamae, kaa hapa, hiyo mwisho wa benchi waachie watoto." Wakajadili mtu wa Sagana. Wangui aliuliza kama kuna yeyote aliyenunua mbuzi kwake, si jogoo, na akaambiwa asilete tena mambo ya simu. Kisha Mama Mwai akapendekeza Mama Wamae aongoze kamati ya kununua, kwa sababu ana jicho.

"Mama Wamae, unakubali?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali. Watu kumi na mmoja walikuwa wakimwangalia kwa wema. Hakuwahi kuangaliwa hivyo na watu wengi kiasi hicho. Mkono wake ulikuwa juu ya leso.

"Nakubali," alisema.

Wakapiga makofi ya kilo, yale ya pamoja ya kumpa mtu heshima. Mama Mwai akafunga kwa maombi, na ndani ya maombi akamshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Wamae, ambaye amemfungua macho ili wengine wasiibiwe. Wachuka akasema amina pamoja nao. Wangui, aliyekuwa kando yake, alifumbua macho kabla ya wengine, akamwona akiwa amefumba yake kwa nguvu sana, kama mtu anayepigwa sindano.

*

Jumamosi alikwenda Nanyuki. Kingori hakumkataza, alisema tu kwamba nauli ni ya pesa ya mayai na mayai ni ya Wachuka.

Siku ile ya kwanza boma la Barwako lilikuwa na kelele za mbuzi kama sitini. Sasa aliweza kuwahesabu akiwa amesimama langoni. Walikuwa kumi na tisa. Mazizi ya upande wa pili yalikuwa yamefagiliwa, yakabaki matupu. Mezani pa Najib hapakuwa na mtu.

Sadia alikuwa akimwaga maji kwenye birika la mbuzi. Alimtambua mara moja, akaweka ndoo chini.

"Karibu mama."

Wachuka alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa karibu. Alitoa karatasi kwenye leso, akaifungua, akamnyooshea kwa mikono miwili. Sadia aliangalia lile duara la mguu wa meza.

"Umesoma sasa."

"Nimesoma."

"Kaa hapo kivulini. Nikuletee chai."

"Hapana, mama, mimi sikai. Nilikuja tu kusema..."

"Umetoka Othaya. Kaa."

Akaenda ndani. Wachuka aliketi kwenye benchi, mwisho kabisa. Chai ilikuja ndani ya kikombe cha bati, nzito, na harufu ya iliki. Hakuinywa. Aliishika tu.

"Uliona yale majani," alisema.

"Niliona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilianza." Sadia alikaa upande wa pili wa benchi. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa na uchovu. "Mama, mimi nimezaliwa hapa Nanyuki. Mama yangu amezaliwa hapa. Lakini siku mambo inaharibika, mimi ni Msomali ametoka mbali kuuza mbuzi. Ningesema ni majani, mngesema nini? Ati ametafuta sababu. Mlikuwa tayari mnacheka. Nikaona pesa ni rahisi kuliko maneno."

"Na hizi zingine zimeenda wapi?"

"Kichinjioni. Kikundi ya Chaka walikuwa wamelipa nusu ya mbuzi kumi na tano, wakataka pesa yao. Wa Karatina pia. Chakula ya mbuzi sitini haingoji watu wabadilishe roho." Alisema kichinjioni kama mtu anavyotaja mahali jamaa yake amelazwa. "Mbuzi ya lita tatu, wanaipima kwa kilo. Najib nimemwambia apumzike kwanza, ameenda kwa duka ya mjomba wake. Ile yako nimeiacha. Ameanza kutoa kikombe."

Kule nyuma ya wavu, Nanyuki alikuwa akitafuna, macho amefumba nusu. Wachuka alimtazama, kisha akatazama ndani ya chai.

Mtu alipiga hodi langoni. Alikuwa mzee wa kofia ya sufu na koti la mvua, akajitaja kuwa Ngatia wa Chaka, anatafuta mbuzi mmoja wa mjukuu wake ambaye maziwa ya ng'ombe yanamkataa. Sadia akasimama upesi, akajifunga mtandio vizuri. Akamwonyesha mmoja mweupe, akakamua mbele yake, maziwa yakapiga ndoo kwa sauti nzuri. Mzee akauliza bei, akapunguza, Sadia akapunguza, wakakutana. Mzee alikuwa ameshatoa simu kutuma pesa.

"Wacha nimwambie mama ya watoto nimepata."

Alimpigia mkewe. Wachuka alisikia sauti ya mwanamke ikipanda, haikusikika maneno. Mzee akasema eeh, eeh, wacha nisikize. Akakata. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Akaibonyeza, akaisogeza sikioni, lakini ilikuwa kwenye spika kubwa.

*"...ile mbuzi ilikuwa na maziwa ya kukopa! Ilikopa kwa jirani siku ile nilienda..."*

Kicheko kikajaa boma. Mbuzi wawili wakainua vichwa. Wachuka hakuwahi kukisikia kikiwa mahali pa watu wengine. Kilikuwa kicheko cha mtu anayejua anasikilizwa.

Mzee alinyoosha kidole kuizima.

"Acha imalize," Sadia alisema. "Hiyo nimeizoea."

Wakaisikiliza yote, watatu, wakiwa wamesimama. Kiwele kama mfuko. Siku mbili bila kukamua. Kanaani. *Mimi si wa kuambiwa. Mimi nimeona.*

"Mzee," Wachuka alisema. "Hiyo sauti ni yangu."

Ngatia akageuka kama aliyekuwa hajajua kwamba pale kivulini kuna mtu. "Yako?"

"Ni yangu. Na si kweli. Nilimpa majani ya avokado, siku tano. Karatasi ilikataza, sikusoma. Hiyo ya siku mbili sikuiona, niliisema tu."

Mzee alimwangalia kwa makini, kichwa kikiwa kimeinama upande. "Hebu sema vile inasema. Ati maziwa ya kukopa. Nisikie kama ni wewe."

Wachuka alimtazama Sadia. Sadia aliangalia ndoo.

"Ile mbuzi," Wachuka alisema, "ilikuwa na maziwa ya kukopa."

"Kweli ni wewe." Mzee akarudisha simu mfukoni polepole. Akatazama benchi, kikombe, mvuke unaotoka kwenye kikombe. "Sasa, mama, wamekupatia ngapi?"

"Hawajanipatia kitu."

"Sikutukani. Lakini niangalie hii vile mtu anaangalia. Hii ya kwanza ulikuwa kwako nyumbani, hakuna mtu alikutuma, ulikuwa unaambia wamama wenzako. Hii ya pili uko kwa mwenye mbuzi, unakunywa chai yake. Wewe ungekuwa ni mimi, ungeshika gani?"

Wachuka aliangalia kikombe. Yeye mwenyewe angeishika ya kwanza. Mama Mwai angeishika ya kwanza.

"Kuna watu wameandika kwa simu," alijaribu. "Mia moja thelathini na mmoja. Wangui wetu anaweza kukusomea."

"Hao siwajui," Ngatia alisema kwa upole. "Wewe angalau nimekusikia." Akamshukuru Sadia kwa kumwonyesha, akaahidi kufikiria, akafunga lango vizuri nyuma yake.

Sadia alichukua ile ndoo yenye maziwa, akaifunika. Kisha akarudi kwenye birika, akaendelea kumwaga maji pale alipoachia.

Wachuka alikaa. Baadaye akatoa simu, akaiweka juu ya goti lake. Ile ya kwanza alikuwa ameirekodi akiwa juu ya ndoo, na maneno yalikuwa yakisukumana kutoka. Sasa alibonyeza, akaachia. Akabonyeza tena, akaachia. Mara ya tatu hakuachia.

"Mama Mwai na wamama wote wa Mwihoko. Ni mimi Mama Wamae. Niko Nanyuki, kwa Sadia, na ninakunywa chai yake, mjue hiyo kwanza. Yeye alikuja kwangu sikumpatia chai. Chai ilikuwako." Akasogeza simu karibu. "Ile mbuzi haikuwa na makosa. Makosa ni yangu. Ni majani ya avokado nilimpa, na niliambiwa nisimpe. Hiyo ya siku mbili ni uongo, niliitunga. Alhamisi mlinipa kazi nikakubali nikijua. Hiyo kazi mpatie Wangui. Ile sauti ya kwanza, wale mlitumia watu, naomba muwatumie na hii. Tafadhali."

Haikuwa na mahali pa kucheka. Hata yeye aliisikia ilivyo, nyembamba na ndefu.

Aliiachilia. Alama zile mbili ndogo zikawa za buluu: wameisikia. Akangoja vile vikatuni, hata kimoja. Wangui ndiye pekee aliyejibu. Aliandika *Nimesikia, Mama Wamae*, na chini yake akatuma karatasi ile ile ya Barwako, ambayo kumbe alikuwa nayo kwa simu siku zote. Kisha Mama Mwai akaandika kwamba mchango wa mazishi ya Jumanne mwisho ni kesho saa sita.

Sadia alikuwa amesikia yote, kwa maana boma lilikuwa tulivu. Alipopita na ndoo tupu alikitazama kikombe mikononi mwa Wachuka.

"Imepoa. Nikubadilishie?"

"Hapana," Wachuka alisema. "Hii inanitosha."

Ilikuwa imeshika utando juu. Aliinywa pamoja na utando wake, hadi chini, mbele ya mwenye chai.